Nakhumicha wa Makofi Matatu

Wacuka aliucheza wimbo wa Nakhumicha mara ya kwanza akiwa ndani ya gauni la harusi. Alicheza kwa furaha, mkia wa gauni ameushika mkononi usimwangushe, na kila wimbo ulipofika pale pa makofi matatu aliyapiga kuwashinda wasichana wote wa Kitale. Aliyekuwa akiimba ni bwana harusi mwenyewe. Alikuwa akimlilia mwanamke mwingine kwenye maikrofoni, mbele ya mchungaji, wazazi wa pande zote mbili na keki, na bibi harusi wake anampigia makofi.

Nalitanguliza hilo ili usije ukamwita mama wa watu kichaa. Mimi ni Wamboi. Mimi na Wacuka tumeolewa boma moja, yeye kwa Gathogo aliye mkubwa, mimi kwa mdogo wake. Mashamba yetu yametenganishwa na ua wa kayaba tu, na ua wa kayaba hauzuii sauti. Nimemsikia akicheka, akilia, na akigombana na redio tangu tukiwa wasichana mpaka sasa tunapohesabiwa miongoni mwa nyanya wa kanisa.

Wimbo wenyewe ulitoka mwaka wa themanini na mbili. Bendi nyingine zote zilikuwa zikipiga rumba, magitaa yanatembea taratibu kama ng'ombe walioshiba. Gathogo na wenzake wa Suam Sparks walikuwa wamesikiliza mno sahani za santuri za Wazungu. Wakavaa suruali za kubana na tai nyembamba, wakapiga gitaa la umeme kwa haraka, ngoma inakimbia nyuma yake, na kabla hujajipangusa jasho wimbo umekwisha na unataka urudiwe. Maneno yalikuwa ya mtu aliyeachwa:

Nakhumicha, nilisimama stendi,
mvua ikaninyeshea, basi la mwisho likaenda,
Nakhumicha, kumbe ulijua huji.

Na hapo ndipo makofi: pa, pa, pa. Mtu amelowa, ameachwa, hana pa kwenda, na watu wanaruka. Lakini kwenye harusi nani husikiliza maneno? Wacuka mwenyewe alidhani Nakhumicha ni jina la kuimbia tu.

Aliyemfungua macho ni Kim, mpiga ngoma wa bendi, Mungu amrehemu. Siku tuliyoshukuru kuzaliwa kwa mtoto wao wa kwanza, Nyambu, Kim alikunywa akatosheka, akamwangalia Wacuka akasema, "Shemeji wewe ni mzuri, lakini yule msichana wa Bungoma alikuwa kitu kingine, bana." Gathogo akamkanyaga mguu chini ya meza. Wacuka akaona ule mguu. Tangu siku hiyo hakupata amani tena.

Waswahili husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Wacuka hakukonda. Alinenepa kwa hasira. Mwanamke akija kutafuta kibarua cha kupalilia mahindi, swali la kwanza ni jina. Akisema Nakhumicha, kazi imeisha, aende salama. Ndizi za mama mmoja pale sokoni Kitale, ndizi tamu kuliko zote, aliacha kuzinunua alipomsikia mwenzake akimwita jina hilo. Tulipoletewa mchungaji mpya kutoka Kimilili na mke wake akajitambulisha mbele ya kanisa kwamba ni Mama Nakhumicha, Jumapili iliyofuata Wacuka alihama kanisa. Nilimwambia, "Dada, hilo jina huko kwao ni kama mvua, linawanyeshea wote." Nikamweleza kwamba msichana akizaliwa wakati wa kupanda, ni Nakhumicha. Hakusadiki. Kwetu jina haliokotwi. Mtoto wa kwanza wa kiume ni babu yake mzaa baba, wa kike ni nyanya yake mzaa baba, na ukilifuata jina utafika kwenye mlango wa mtu. Wacuka aliamini kuna mlango mmoja tu wa Nakhumicha, na mume wake anaujua.

Naye Gathogo akiulizwa hujibu, "Ni wimbo tu, Mama Nyambu." Gathogo ni mtu mpole, mkulima mzuri wa mahindi, hajawahi kumwinulia mtu mkono. Lakini kwa jambo hilo alikuwa amefunga mdomo, na wivu hula vizuri sana mahali pasipo na jibu.

Miaka ikapita, bendi ikafa, sahani zikavunjika. Sisi tukadhani tumepona. Halafu mwaka jana vijana wakaufukua. Sijui nani aliuweka kwenye simu, lakini ghafla watoto wa shule, wauguzi, hata polisi wa trafiki walikuwa wanajirekodi wakipiga makofi matatu na kujifanya wamelowa mvua. Gathogo akaanza kusalimiwa barabarani na watu ambao mama zao hawakuwa wamezaliwa wimbo ulipotoka. "Niaje, mzee wa Nakhumicha." Akanunua nyuzi mpya za gitaa. Akanunua na tai nyembamba. Wacuka aliiangalia ile tai kwenye kamba ya nguo kama mtu anayeangalia nyoka.

Jumapili moja mchana tulikuwa wote sebuleni kwao tukinywa chai. Redio ya Bungoma ilikuwa na kipindi cha salamu, na mtangazaji, kijana mmoja aitwaye Derrick, akaucheza wimbo kisha akasema, "Leo tunatafuta Nakhumicha wa ukweli. Kama ni wewe, piga simu." Jamani, simu zilipigwa. Wa kwanza alitoka Cheptais, akasema alimwacha Gathogo kwa sababu ya ndevu zake ndefu. Gathogo hajawahi kuotesha ndevu, na Wacuka alicheka mpaka akamwaga chai. Mwingine wa Kanduyi akasema alimwacha kwa sababu alikuwa mfupi. Mwingine akaanza kuimba kwa simu. Kila mmoja alitaka sana awe ndiye.

Halafu ikaja sauti ya pole. "Mimi ni Rispah Nakhumicha, niko hapa Matulo. Rakini mimi sina salamu. Ninaomba tu muache kupiga huo wimbo."

Simu ikakatika. Derrick akacheka, akaendelea na mambo mengine. Wacuka hakucheka. Wale wengine wote walitaka kuingia ndani ya wimbo, huyu peke yake alitaka kutoka. Nikamwona akigeuka polepole kumwangalia mume wake. Kikombe cha Gathogo kilikuwa kimesimama katikati ya meza na mdomo, na hakikupanda wala kushuka.

Kesho yake asubuhi Wacuka alikuja kwangu akiwa amevaa kitambaa kizuri na viatu vya kanisani. Mimi huuza nguo za mitumba Bungoma na nina pikapu. "Unaenda soko leo?" akaniuliza. Nikamwambia soko langu si leo. "Leo ni soko langu," akasema, na akapandisha kikapu cha viazi na galoni ya maziwa. Nikashangaa, mtu anaenda kupigana na amebeba viazi. Akanijibu kwamba hata kwa adui huendi mikono mitupu, mama yake hakumlea hivyo.

Njiani alinisomea maneno atakayomwambia huyo Rispah. Yalianza Kiminini na hayakuwa yameisha tulipofika Misikhu. Mengine siwezi kuyaandika. Lakini katikati ya matusi alikuwa akiniuliza, "Wamboi, unafikiri bado ni mzuri?" Nikamwambia sijui. "Utaniambia ukweli ukimwona," akasema. Basi nikajua kinachomuuma. Hakuogopa kwamba Gathogo ataondoka na mzee mwenzake wa Matulo. Alitaka kujua kama kuna siku hata moja mume wake alimwangalia yeye vile alivyomwangalia huyo mwingine.

Matulo hatukupotea. Kila mtu alikuwa anajua boma la Rispah, mjane wa marehemu Mukhisa aliyekuwa karani kwa chifu. Tulimkuta uani akianika mahindi. Ni mwanamke mrefu, shingo imesimama, meno yote yapo. Nilimwona Wacuka akiyahesabu yale meno. Nisiwe mwongo, alikuwa bado mzuri.

"Mimi ni Wacuka, bibi ya Gathogo," dada yangu akaanza pale pale langoni, "na nimekuja—"

"Nimejua," Rispah akasema. "Karibuni. Maneno iko baadaye. Mgeni harudi kwa mrango na njaa." Akatutandikia viti, akapokea viazi na maziwa kwa mikono miwili, akashukuru. Wacuka akabaki na matusi yake yote mdomoni, hana pa kuyatema. Huko Bungoma huwezi kuleta shauri kabla ya kuku, na kuku wenyewe walikuwa bado wanatembea.

Rispah akamwita mkaza mwana wake. "Mary Ann, umeona Gathogo wapi?"

"Alikuwa nyuma ya jikoni, mama."

"Mushike. Wageni wamefika."

Wacuka alisimama. Uso ulikuwa umemgeuka rangi. Mimi niliijua hesabu iliyokuwa ikipita kichwani mwake, kwa sababu hata mimi ilinipita. Kwetu, kijana akiitwa Gathogo, basi babu yake ni Gathogo. Kama kuna Gathogo Matulo, basi kuna mtoto wa Gathogo aliyemzaa, na kama kuna mtoto, Wacuka amedanganywa maisha yake yote.

"Huyo Gathogo," akauliza, "amezaliwa lini?"

"Huyu? Mwaka jana, mwezi wa nane," Rispah akasema bila kugeuka.

"Na mama yake yuko wapi?"

"Mama yake si tulikura Pasaka."

Mary Ann akatokea nyuma ya jikoni amekumbatia jogoo mwekundu, mkubwa, anapiga kelele za mtu anayeonewa. Nilicheka nikashika ukuta. Wacuka alikaa chini pole pole, akajipepea na kitambaa chake mpaka chakula kilipokuja.

Tulipokula tukanawa, Rispah mwenyewe ndiye aliyefungua shauri. "Hiyo jina ya jogoo ni ya marehemu bwana yangu," akasema. "Alisikia hiyo wimbo kwa redio, akaniuliza kama ni mimi. Sikumficha. Tangu hiyo mwaka, kila jogoo hapa ni Gathogo, na kila Krismasi alikuwa anamchinja na mkono yake. Mimi nimeendelea tu, nimezoea."

"Mimi nilikuja kukuuliza kwa nini ulimwacha," Wacuka akasema. "Na kama ulimwacha, kwa nini bado anakuimba."

Rispah akamgeukia. "Dada yangu. Nani alisimama stendi?"

Rispah akajigusa kifua.

"Ni mimi. Stendi ya Bungoma. Nilikuwa na sanduku, nimeaga mama yangu kwamba ninaenda kuolewa Kitale. Gathogo alisema atakuja na basi ya mchana. Mvua ilininyeshea mpaka sanduku ikafunguka gundi. Basi ya mwisho ikaenda. Huyo rafiki yake wa ngoma alipita hapo, akaniona, akaniambia nirudi nyumbani, mama ya Gathogo amekataa, wameshapata msichana wa kwa Muturi. Nikarudi Matulo na sanduku kwa kichwa, kijiji yote inaangalia. Halafu radio inaanza kusema ati mimi ndio nilimwacha. Mvua yangu ati ni yake."

Msichana wa kwa Muturi ndiye aliyekuwa amekaa pale mbele yake, ameshika kitambaa.

"Bwana yangu aliniuliza mpaka kwa kitanda ya hospitali," Rispah akamalizia. "Ati, kama wewe ndio ulimwacha, si ungemrudia siku moja? Nikamwambia sikumwacha, niliachwa. Akasema hapana, wimbo inasema. Alienda bila kuamini. Wewe umepata wivu ya kusikia, dada. Mimi nimepikia wivu ugali miaka yote."

Sikujua niangalie wapi. Wacuka aliuliza jambo moja tu, "Ilikuwa siku gani?" Akajibiwa ni Jumamosi ya Pasaka, watu wakipanda. Akatikisa kichwa. Walipoagana, Rispah alimjazia galoni ile ile mtama, maana chombo cha mgeni hakirudi kitupu.

Tulipokuwa tumepita Kamukuywa akanigeukia. "Jumamosi ya Pasaka Gathogo alikuwa kwetu," akasema. "Walikuja na mama yake. Ilinyesha siku nzima. Mimi ndiye nilimpelekea chai, na hakuniangalia. Alikuwa anaangalia dirisha tu, anaangalia mvua. Nikaenda jikoni nikawaambia dada zangu, huyu kijana ana haya, nimempenda." Kisha akasema, "Wamboi, tangu Matulo nilikuwa nafikiri nimemnyang'anya mtu bwana. Kumbe hata sikunyang'anya. Nililetewa."

Ningependa kusema alifika nyumbani ametulia, lakini ningekuwa nadanganya. Wivu wake ulikuwa umepata chakula kipya. Alimkuta Gathogo uani akikaza nyuzi za gitaa. Mimi nilikuwa nateremsha galoni ya mtama, na sikuharakisha.

"Rispah anakusalimia," akamwambia. "Amelowa."

Gathogo aliweka gitaa chini. Hakukana. Nitampa heshima hiyo, hakukana. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa mkali, kwamba alikuwa kijana mwoga, kwamba Kim alipomweleza vile alivyomwona yule msichana kwenye mvua hakuweza kulala mpaka alipoiimba ile mvua. "Sikuweza kuimba kwamba ni mimi nilimwacha," akasema. "Nani angepiga makofi?"

"Na mimi?" Wacuka akamuuliza. "Miaka yote hii. Watoto, mahindi, mama yako mgonjwa nikimwogesha. Mimi umeniimba wapi?"

"Mama Nyambu," akasema kwa upole wake ule ule, "wewe hujawahi kuniacha. Ningeimba nini?"

Wacuka alimwangalia. "Hata yeye hakukuacha."

Akaingia ndani akafungasha nguo zake. Jioni ile ile nilimpeleka Saboti kwa binti yake, Nyambu, aliyeolewa huko. Aliposhuka akaniambia, "Sasa nimemwacha. Tuone."

Mji mzima ulijua. Gathogo alikuwa akipika uji wenye madonge na kuuliza majirani funguo za ghala ziko wapi. Mwaliko wa kwenda kuimba Nakhumicha kwenye harusi moja ya Bungoma aliukataa, na ile tai sikuiona tena kwenye kamba. Alikuja kwangu mara nyingi kuniuliza kama Wacuka amesema kitu. Nilimwambia kwamba mke ni nguo, mgomba kupalilia, na yeye alikuwa amepalilia shamba la jirani kwa mdomo. Akaenda zake akijikuna kichwa.

Mahindi yalipofika magotini akaja kuniomba nimpeleke Saboti. Alikuwa amebeba gitaa. Nikampeleka, kwa sababu mimi pia ni binadamu na nilitaka kuona.

Nyambu alitufungulia lango, lakini mama yake alibaki ndani, mlango ameufunga. Nikapita mlango wa jikoni nikaenda kukaa naye. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amekunja mikono. Akasema kwa sauti ya kufika nje, "Kama amekuja na gitaa, aimbe kwanza ule wa Rispah. Vile ilikuwa kweli."

Halafu gitaa likaanza, lile lile la haraka, na sauti ya mzee ikitafuta njia. Aliimba kwamba Nakhumicha ndiye aliyesimama stendi. Kwamba sanduku lilikuwa la Nakhumicha na mvua ilikuwa ya Nakhumicha. Kwamba yeye alijua haji, na hakutuma hata mtu. Maneno mengine hayakukaa vizuri kwenye muziki, na mara moja alikwama akarudia. Lakini ule muziki hauna adabu. Watu waliokuwa wakipita njiani wakasimama langoni, na wimbo ulipofika mahali pake wakapiga makofi yao matatu, mtu akiungama dhambi yake mbele yao. Nilimwangalia Wacuka. Uso wake ulikuwa wa jiwe, lakini kiatu cha kulia kilikuwa kinapiga sakafu, pa, pa, pa, na machozi yanashuka.

Nyambu alikuwa amerekodi na simu. Mama yake alimwambia kwa dirisha, "Hiyo tuma kwa Derrick wa redio. Mwambie ipigwe ile siku ya salamu, na jina la Rispah litajwe, na la marehemu Mukhisa." Kisha akafungua dirisha nusu.

"Huo ni wake," akamwambia mume wake. "Wangu uko wapi?"

Gathogo alisimama pale uani na nywele zake nyeupe, vidole juu ya nyuzi. Wale watu wa langoni walikuwa wananyamazishana. "Wako sijui unaanzia wapi," akasema.

"Unaanza nyumbani kwa baba yangu," Wacuka akasema. "Ni siku ya mvua. Nimekuletea chai, nimesimama nayo hapo, na wewe unaangalia dirisha."